Upupu Kwenye Shamba la Bi Mwaija

Kwemsanga, Handeni
12 Novemba 2023

Mwanaisha, mtoto wa shangazi,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima. Mvua za vuli zimeanza kwa aibu, kama mkwe anayeingia jikoni kwa mara ya kwanza. Mke wangu Faudhia anakusalimia, ingawa hujawahi kumjibu salamu hata moja. Shangazi, yaani mama yako, anakula, anasali na analalamika, kwa hiyo ni mzima. Anauliza unakuja lini. Nimemwambia walimu siku hizi hawana likizo. Nimekusitiri, usisahau.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu unanikata kabla sijafika nukta. Karatasi haikatwi. Raymond, yule mfanyabiashara wa mitumba wa hapo kwenu Manundu anayekuja mnadani kwetu, ataileta na kungoja jibu.

Jambo lenyewe ni hili. Kijiji kimetangaza kwamba baada ya masika mashamba yote yatapimwa, kila mwenye lake apewe hati ya kimila. Kamati ya ardhi itatembea mipaka kwa miguu pamoja na majirani, kwani desturi yetu unaijua: mpaka usiotembewa si mpaka. Sasa lile shamba la bondeni, la shangazi, nimelilima mimi tangu aliporudi nyumbani baada ya baba yako kufariki. Mwaka huu nimeamua kulipumzisha. Nimepanda maharage ya kurutubisha udongo, wanayaita mukuna. Yanatambaa, yanafunika ardhi, yanaua magugu. Najua utafurahi, maana ni wewe uliyenipigia simu kunituhumu kwamba nalichosha shamba "lenu".

Nakuwekea mbegu chache humu. Wewe mwalimu wa biolojia uzitazame, utuambie jina lake la Kilatini. Huku tunakosa usingizi kwa kutolijua.

Ndugu yako na mtani wako,
Ukasha


Manundu, Korogwe
3 Desemba 2023

Ukasha, mtoto wa mjomba,

Waaleikum salaam. Hapa Manundu hatujambo. Mpangaji wangu wa chumba cha nyuma amehama, mwingine ameingia. Shule imefungwa lakini nimeitwa kusahihisha mitihani, kwa hiyo mpe mama shikamoo yangu na umwambie safari bado. Na lile wazo lake la kuja kukaa kwangu, mweleze tena taratibu: nyumba ni ndogo, na choo kina ngazi.

Mbegu zako nimeziona. Niliziweka juu ya meza nikacheka peke yangu, mpangaji akadhani nina mgeni.

Sikiliza, kwa kuwa ulitaka Kilatini. Mbegu ni nene, umbo la yai lililobonyezwa ubavuni, nyeusi yenye madoa ya kijivu, inang'aa kana kwamba imepakwa mafuta ya nazi. Ubavuni ina kovu, pale iliposhikamana na ganda, na kovu hilo limezungushiwa ukingo mweupe ulioinuka, kama midomo ya mtu anayejiandaa kubisha. Ukingo huo ndio alama ya ukoo. Wako jamaa zao wa misitu ya mitoni wenye mbegu bapa kama kifungo cha koti, ambao kovu lao linaizunguka mbegu karibu nzima. Hawa wako si wale. Hawa ni wa kovu fupi. Jenasi ni Mucuna, jamii ya kunde, na ndani ya nyumba hiyo hiyo, mtoto wa mjomba, anakaa upupu.

Tena hawakai vyumba tofauti. Mukuna ya kurutubisha na upupu wa porini ni spishi moja: mmoja alilelewa, mwenzake akakulia mtaani. Majani yao sawa, maua karibu sawa, na mbegu zao huwezi kuzitenganisha kwa kuzitazama tu, hata kwa macho haya yangu yaliyosomeshwa. Linalosema ukweli ni ganda. Yote mawili yamejikunja kama herufi S, yana mifereji ya urefu, yanabeba mbegu tatu hadi sita. Lakini la mukuna limevaa vinyweleo laini vilivyolala, ukilipapasa ni mahameli. La upupu limevaa vinyweleo vigumu vya rangi ya dhahabu iliyoungua, vyenye vimiba vilivyoelekea nyuma, vinavyong'oka kwa upepo mdogo tu na kumchezesha mtu mzima ngoma asiyoijua. Kwa hiyo acha kunitumia mbegu. Nitumie ganda. Na uniambie hizo mbegu ulizipata wapi.

Kuhusu hilo neno "lenu" ulilolifungia alama kama mwizi. Shamba ni la mama. Babu alimpa mbele ya baba yako, kuanzia mstari wa mkonge hadi korongoni. Wazigua wa zamani walijua kwamba ukoo hufuata tumbo la mama. Nyinyi wanaume mlipogundua kuwa tumbo hilo lina ardhi, ghafla mkakumbuka kwamba mna baba.

Wako,
Mwanaisha


Kwemsanga, Handeni
18 Februari 2024

Mtoto wa shangazi,

Salaam nyingi. Barua yako ilikaa kwa Raymond mwezi mzima na imefika ikinuka dagaa, lakini maneno yake yalikuwa makali kuliko harufu. Hatujambo. Mbuzi wamezaa mapacha. Shangazi goti linamsumbua, ila ulimi uko salama. Faudhia anamfulia shuka kila asubuhi. Nimelitaja hilo kwa kuwa katika barua yako umetaja mbegu, kovu, ukingo, midomo na mahameli, lakini shuka hujaigusa.

Unasema mbegu haisemi kitu. Basi, Mwalimu, miaka yote ile chuoni mlikuwa mkisoma nini? Mtu wa kawaida akiona mtoto anamjua mama yake. Nyinyi mnataka kwanza kumvua nguo.

Ganda bado. Mmea una majani tu, matatu matatu, na umefunika bonde lote kama blanketi la hospitali. Mahali nilipoipata mbegu ni siri ya mkulima. Ila nikueleze mambo mawili matatu ya kijijini, uyapime mwenyewe kwa elimu yako. Wachungaji waliokuwa wakikatiza bondeni na ng'ombe wao wamehamisha njia, sijui nani aliwaambia nini. Watoto waliokuwa wakienda kutega ndege korongoni wameacha. Nikiulizwa nimepanda nini nasema mukuna, mukuna ya rutuba. Nasema hivyo huku natabasamu. Kijiji hiki kinanijua.

Siku ya kupima ukitaka kuja, karibu. Ila njoo na koti la mvua, soksi ndefu na kilemba cha kufunika masikio. Sisemi kwamba kuna kitu. Nasema tu kwamba bonde lina hali yake ya hewa.

Na hayo matumbo ya mila unayakumbuka ukiwa kwenye kochi, Korogwe. Mila hiyo hiyo ilisema mtoto wa kike hamwachii mtoto wa kaka kumlea mama yake. Nayo ulifundisha darasa la ngapi?

Ukasha


Manundu, Korogwe
21 Aprili 2024

Ukasha, mtoto wa mjomba,

Salaam. Masika yameshika. Kule Korogwe ya zamani mto Pangani umepanda hadi kwenye migomba ya watu, na mimi natoka shuleni na viatu mkononi. Idi ilipita vizuri. Nilitaka kuja, kidato cha nne wakaletewa mitihani ya majaribio. Mpe mama salamu, na ile kanga niliyoituma kwa Raymond, kama haijageuzwa mtumba njiani.

Sasa tuache kuzungukana. Nimekuelewa. Kamati hutembea mpaka kwa miguu. Ifikapo Julai, jua kali, upepo wa kusini unavuma, maganda yamekauka na vinyweleo vinapeperuka, hakuna mjumbe atakayeingia bondeni. Watasimama barabarani, watauliza nani analima, utanyoosha mkono, wataandika jina lako, kisha mtakwenda kula wali kwako. Ni mpango mzuri. Ungetumia akili hiyo kwenye jambo la halali, ukoo wetu ungekuwa mbali.

Kwa miaka mingi tumeambiwa kwamba mkulima wa nchi hii hana maarifa, ndiyo maana analetewa semina. Uongo mtupu. Maarifa anayo. Ameyatumia kujenga uzio wa mwasho kuzunguka mali ya mjane.

Nimekwisha kusudia kumwandikia mwenyekiti wa kamati. Namfahamu, Mama Yasinta, tulisali naye... sisi hatusali pamoja, lakini tulikaa bweni moja. Si mtu wa kuogopa mimea.

Jambo moja tu linanisumbua, nalo ni la kitaalamu. Mbegu ulizonitumia zilikuwa safi, hazina hata kinyweleo kimoja. Nani alizimenya? Mtu hamenyi upupu, Ukasha. Upupu huachwa ukapasuka wenyewe, ukazirusha mbegu utakako. Kama ulizichuma mwenyewe porini, nionyeshe mikono.

Mwanaisha


Kwemsanga, Handeni
26 Mei 2024

Mtoto wa shangazi,

Amani iwe kwako, ingawa hupendi. Mahindi ya juu yametoka vizuri. Shangazi alikungoja Idi mpaka pilau likapoa. Alikaa na kanga mpya magotini, hajaikata pindo, akisema atakata wewe ukija. Sijaongeza neno langu hapo.

Unataka kujua nani alizimenya? Mtu anayejua kazi yake. Kuna watu wanaojua kuushika upupu kama wengine wanavyojua kuushika moto. Nilimpa jogoo, akanipa kibaba cha mbegu. Unaona? Nimetamka neno lenyewe. Sina haja ya kujificha tena, kwa sababu sasa umechelewa.

Maua yalitoka ya zambarau iliyokolea, mashada yananing'inia kichwa chini. Yamekwisha kuanguka na maganda yapo, nayaona kutoka barabarani, yamejikunja kama ulivyosema, na yana manyoya. Faudhia alipita tu pale ukingoni akarudi akijikuna mpaka usiku, ikabidi nimpake majivu. Mtoto wa jirani vilevile, naye hakupita hata karibu, aliambiwa tu. Mimi mwenyewe sijatia mguu ndani tangu ua la kwanza. Shangazi anataka kwenda kuchuma mlenda kule bondeni, nimemkataza kabisa. Ananuna. Anasema tangu lini anaombewa ruhusa kwenye shamba lake. Nimemwambia ni kwa afya yake.

Kupima ni tarehe tisa Julai, baada ya Sabasaba. Dunstan, katibu wa kamati, amesema mbele ya watu kwamba pasipopitika pataandikwa kwa anayelima. Mama Yasinta alinyamaza. Mwandikie. Mwandikie kwa Kilatini.

Nami nikuambie jambo la kweli, mara moja, kisha turudi kwenye matusi yetu. Mtu aliyembeba mama yako mgongoni kumpeleka zahanati mwaka wa mafuriko anaona kwamba na yeye ana kovu pale aliposhikamana. Hiyo nayo iko kwenye vitabu vyenu?

Ukasha


Manundu, Korogwe
23 Juni 2024

Ndugu yangu Ukasha,

Natumaini barua hii inakukuta na afya njema, wewe na Faudhia na watoto wote. Mpeni mama shikamoo nyingi. Hapa baridi imeanza. Idi ya kuchinja nilipata nyama kwa majirani, namshukuru Mungu.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa na nimeona nikiri. Umenishinda. Tarehe tisa sitakuja. Nina ngozi nyepesi na darasa zito. Mwanamke wa umri wangu kupiga mieleka na upupu mbele ya kamati ya kijiji si heshima.

Naomba mambo mawili tu, kwa udugu wetu. La kwanza, siku hiyo uvae vizuri. Lile koti la mvua uliloniagiza nije nalo, livae wewe, na soksi, na kilemba. Usione haya. Afya ni bora kuliko sura. La pili, Raymond atafika na bahasha yangu kwa Mama Yasinta. Usiizuie. Ndani ni salamu za bwenini na zawadi ndogo ya shambani.

Mbegu zako zimenifunza mengi. Ahsante kwa kunitumia.

Wako akupendaye,
Mwanaisha


Kwemsanga, Handeni
14 Julai 2024

Mwanaisha,

Salamu zangu zipokee, nikizituma. Sisi wazima wa mwili.

Nataka uyasikie yaliyotokea kutoka kwangu kabla Raymond hajayatia chumvi. Tarehe tisa asubuhi tulikusanyika barabarani juu ya bonde. Kamati, majirani, watoto wasio na kazi. Mzee Habakuki, yule Msambaa tunayepakana naye upande wa korongo, alikuja na fimbo yake. Mimi nilivaa koti la mvua, soksi ndefu, kilemba na gunia begani. Nilitokwa na jasho kama muuza mkaa. Wajumbe waliponiona hivyo, wakarudi nyuma hatua moja. Nikajisemea, Mwanaisha ana akili: mavazi yangu peke yake yamefanya nusu ya kazi.

Dunstan akasema, "Basi, hapa hapapitiki, tuandike."

Mama Yasinta akasema, "Ngoja kwanza. Nina barua ya mwalimu."

Akaisoma kwa sauti. Kumbe zile mbegu nilizokutumia Novemba ulizipanda kwenye ndoo uani kwako. Kumbe zilizaa kabla ya zangu. Akatoa ganda kwenye bahasha, la kijivu, limekauka, lina manyoya. Watu wakaruka. Naye, mbele ya macho yetu, akalisugua shingoni. Kisha mashavuni. Polepole, kama mtu anayejipaka losheni. Tulisimama tukingoja apige kelele. Akasema, "Laini kama sikio la sungura." Akampa Dunstan, Dunstan akakataa. Akampa Mzee Habakuki, naye akalipapasa, akanitazama mimi, koti na gunia na vyote, akaniuliza, "Bwana Ukasha, kunanyesha wapi?"

Usingizi sina tangu siku hiyo. Erasto wa Segera, aliyechukua jogoo wangu na kuniapia kwamba ni upupu wa porini unaotoa machozi, aliniuzia mabaki ya mukuna ya mradi wa kilimo. Nilikwenda kumtafuta. Akaniambia, bila hata kuinuka kwenye kiti, "Mzee, ulitaka nikaumenye upupu kwa jogoo mmoja?" Miezi yote hiyo nilipokuwa nikitabasamu na kusema mukuna, nilikuwa nikisema kweli. Na Faudhia alijikuna bure. Nimemwambia, amekataa, anasema mwasho wake anaujua mwenyewe.

Wakaingia bondeni. Majani mpaka magotini, udongo chini mweusi na laini, hata jani la gugu halipo. Wakanisifu. Mama Yasinta alisema hajaona shamba lililotunzwa hivyo kata nzima. Nilitamani ardhi inimeze, lakini ilikuwa na rutuba mno, ningeota.

Usicheke bado. Ngoja sehemu yako.

Walipofika katikati Dunstan akauliza jina la mwenye shamba. Nikanyoosha mkono. Nilikwisha kuvuliwa nguo, nikaona nimalizie. Mama Yasinta akasema, "Lakini mwalimu ameandika hapa kwamba shamba ni urithi wake kutoka kwa mama yake." Wajumbe wakaanza kubishana, mlimaji na mrithi, mrithi na mlimaji, mpaka ikanukuliwa mila, ikanukuliwa sheria, na mmoja akanukuu dini.

Sauti ikatoka nyuma yetu. "Nilikufa lini?"

Shangazi. Alitufuata kwa mguu, na goti lile, na ile kanga isiyokatwa pindo. Mimi nilimkataza, wewe ulikwisha kumrithi, na sisi sote wawili, miezi minane ya barua, hakuna aliyemuuliza neno. Akasimama kwenye mukuna kama aliyefika sebuleni kwake. Akasema tena, taratibu, "Nauliza kamati. Nilikufa lini? Mnipe na tarehe, nijue arobaini yangu walikaa watu wangapi."

Dunstan alijifanya anatafuta kalamu.

Alitembea mpaka mzima mwenyewe, amemshika Mzee Habakuki mkono, kutoka kwenye mkonge hadi korongoni. Kila walipofika kwenye kona alisimama na kutaja nani alikuwapo babu alipoionyesha. Alimtaja baba yangu katika kila kona. Baba yangu alikuwa shahidi wake, Mwanaisha. Hilo sikulijua, au nililijua nikalifunika kwa majani.

Imeandikwa: Mwaija binti Athumani. Si mimi, si wewe.

Sasa ujumbe wake, neno kwa neno. Anakuja kwako Jumamosi ya kwanza ya Agosti, kwa basi la asubuhi. Nimemwambia nyumba ni ndogo. Akasema kaburi ni dogo zaidi, na huko ulikwisha kumpa nafasi.

Ukasha


Manundu, Korogwe
29 Septemba 2024

Ukasha, mtoto wa mjomba,

Salaam. Nimechelewa kujibu na sina kisingizio cha mitihani. Msalimie Faudhia. Safari hii namsalimia mimi mwenyewe, kwa jina, na namwomba anieleze sabuni gani alikuwa akifulia zile shuka, maana yangu inaacha madoa.

Mama alifika. Nilimpokea stendi nikiwa nimepanga hotuba ya kueleza neno "urithi" na matumizi yake. Hakuniachia nafasi. Aliniuliza kama nina afya, akaniambia nimenenepa, akaingia kwenye bajaji. Mpangaji wa chumba cha nyuma nilimhamisha wiki ile ile, akaondoka akininung'unikia, na ana haki. Zile ngazi za chooni mama alizipanda mara ya kwanza bila kushikwa. Alipofika juu aligeuka akanitazama. Ningependa kama angesema kitu.

Majirani wamemzoea kuliko mimi. Kila anayeingia anasimuliwa habari ya kamati, na kila mara koti lako linaongezeka urefu. Sasa limefika kwenye vidole vya miguu, na magunia yamekuwa mawili. Lakini akimaliza kwako anakuja kwangu. "Huyu mwanangu," anasema, "ni msomi sana. Alijua mbegu ni ya aina gani kabla haijazaa. Ila mama yake kama yu hai au amekufa, hilo mpaka kamati ikae." Wageni wanacheka. Nami nacheka, nimeshika trei ya chai.

Nilijitetea mara moja. Nilimwambia kwamba bila mimi kupanda ile ndoo, bila lile ganda, shamba lingekuwa lako. Akasema ni kweli, na kwamba bila wewe kupanda bonde zima udongo ungekuwa bado umechoka, kwa hiyo anatushukuru sote. "Kila mmoja aliniibia vizuri," alisema. Nimefundisha watoto wa watu miaka ishirini na tano jinsi ya kumaliza hoja. Hiyo siwezi kuifundisha.

Juzi nilimuuliza, nikijifanya natania, hatimaye shamba atamwandikia nani. Alikuwa anakata pindo la ile kanga kwa mkasi wangu wa karatasi. Alikata mpaka mwisho, akakunja uzi, akanijibu kwamba hilo swali ni la marehemu, na yeye kwa sasa ana shughuli.

Shughuli yenyewe ndiyo hii ninayokuandikia, kwa amri yake. Anarudi Kwemsanga Jumamosi ijayo, mvua za vuli zimkute akiwa huko. Mukuna ifyekwe na kuachwa chini ioze. Shamba lote lipandwe mahindi. Hataki trekta, hataki vibarua, Mzee Habakuki alimwomba amkodishe shamba akamkatalia. Mimi nimeomba ruhusa shuleni na nimenunua jembe hapa Manundu. Muuzaji aliniuliza kama ni la mapambo. Nawe noa la kwako. Amesema wewe utaanzia kwenye mkonge, mimi nitaanzia korongoni, na yeye atawekewa kiti katikati.

Nilimuuliza malipo. Amesema tutakula.

Mwanaisha